Jumamosi moja changu, Jumamosi ya pili patupu

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi naishi Tanga mjini, kazi yangu ya ofisini, na mwaka jana rafiki alinitia kwenye mambo ya kuvua samaki kwa mshipi. Kila Jumamosi nikitoka kazini naenda upande wa Raskazone, saa 8 mchana natupa mshipi kwenye miamba mpaka jua linazama. Kinachonitatiza ni hiki: Jumamosi moja narudi na changu wa kitoweo cha nyumba nzima, Jumamosi inayofuata sipati hata wa kumtupia paka, ile ya tatu napata tena. Chambo kilekile, jiwe lilelile ninalosimama, saa ileile. Nilikuwa nimeshazijua Jumamosi zangu za neema, lakini baada ya miezi minne na ushee mpango ukageuka: zile za neema zikawa za njaa, za njaa zikawa za neema. Katikati kulikuwa na wiki kadhaa za hivi hivi. Wavuvi wa pale wananiambia "maji yamekufa", wanacheka, wanaondoka. Maji yanakufaje?

Pili, siku samaki wakiwapo, mkondo unanibebea mshipi, hauketi chini. Nimeongeza chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, mpaka kidole kinauma, na bado. Tatu, yule samaki anayejivimbisha kama mpira, analiwa?

JIBU

Marahaba mwanangu. La tatu ndilo fupi, tulimalize. Huyo ni bunju. Usimle, usimpe jirani, usimtupie paka. Sumu yake imo kwenye ini, mayai, matumbo na hata ngozi, haiondoki kwa moto wala kwa ndimu, na hospitalini hakuna dawa ya kuitangua. Wanachoweza ni kumsaidia mtu kupumua mpaka imtoke mwilini. Mtoe kwenye ndoana, mrudishe majini, endelea na shughuli.

Sasa twende kwenye Jumamosi zako. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nilicheka peke yangu barazani, maana bila kujua umefanya kazi ambayo vijana tuliokuwa tukiwapokea ofisini kwa mafunzo ilibidi tuwasukume kuifanya: umekwenda mahali palepale, saa ileile, siku ileile ya wiki, miezi na miezi, ukaona kitu kinageuka. Ulichokiona ni mwezi. Wewe unafuata saa ya ofisi, changu wanafuata maji, na maji yanafuata mwezi.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, lakini si kwa saa 24. Mzunguko huo huchukua saa 24 na dakika 50 hivi, kwa sababu mwezi nao unatembea, na dunia ikishajizungusha mara moja inabidi iongeze kidogo ndipo iukute pale. Kwa hiyo maji ya leo yakijaa saa 10 jioni, kesho yatajaa karibu na saa 11 kasorobo. Hilo kila mtu wa pwani analijua hata kama hajawahi kulihesabu.

La pili ndilo lililokukamata. Anayevuta maji si mwezi pekee, na jua linavuta, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, vyote viwili vinavuta kwenye mstari mmoja. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana: hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta kwake, na maji yanabaki kama mtoto anayegombewa na shangazi wawili, haendi huku wala kule. Hayo ndiyo maji mafu. Pwani ya Tanga, Unguja na Dar es Salaam, bamvua nzuri inapita mita 3 kati ya kujaa na kupwa. Maji mafu ni kama mita 1 tu. Bahari ni ileile, lakini maji yanayopita mbele ya jiwe lako ni theluthi.

Sasa weka vidole mezani tuhesabu. Kutoka bamvua hadi bamvua ni siku 14 na robo tatu. Kutoka Jumamosi hadi Jumamosi ya pili yake ni siku 14. Ukianza na Jumamosi ya bamvua, inayofuata lazima iangukie kwenye maji mafu, ya tatu bamvua, ya nne maji mafu. Hiyo ndiyo moja samaki, moja patupu. Lakini ile robo tatu ya siku haikupotea. Kila wiki mbili Jumamosi yako inawahi bamvua kwa robo tatu ya siku, na zikipita duru tisa au kumi za namna hiyo, umewahi kwa wiki nzima: Jumamosi iliyokuwa ya bamvua imekuwa ya maji mafu. Duru tisa na nusu ni wiki 19, yaani miezi minne na ushee. Uliandika hivyohivyo kwa mkono wako. Na zile wiki za hivi hivi za katikati ni pale Jumamosi zote mbili zilipokuwa njiani, si bamvua si maji mafu.

Kwa hiyo hukurogwa, na wala wale wavuvi hawakuficha kitu. Kwao "maji yamekufa" ni maelezo kamili.

Namna ya kujua bila simu. Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ile inayotundikwa karibu kila nyumba ya pwani. Mwezi ukiwa mosi, pili au tatu, na tena ukiwa kumi na tano mpaka kumi na saba, ni bamvua. Mbona si siku yenyewe ya mwezi kuwa mpevu? Kwa sababu bahari ni nzito, inachelewa kuitika. Bamvua kubwa huja siku moja au mbili baadaye. Mwezi ukiwa nane mpaka kumi, na tena ishirini na mbili mpaka ishirini na nne, ni maji mafu. Na hapa pana jambo la pwani yetu ambalo mtu wa bahari nyingine hawezi kulichukua akalitumia kwao: siku za bamvua maji hujaa jirani na saa 10, alfajiri na jioni, na kupwa jirani na saa 4, asubuhi na usiku. Daima. Ukiwaona kina mama wamefunga kanga viunoni, vikapu na vyuma mkononi, wanashuka mwambani saa 3 asubuhi kutafuta pweza na chaza, usiulize mwezi ni ngapi. Hujapata kuwaona wakishuka saa 9 alasiri, kwa sababu saa hizo za bamvua mwamba wao uko chini ya maji.

Kutoka bamvua, ongeza dakika 50 kwa kila siku. Mwezi kumi na tano maji yamejaa saa 10 jioni. Mwezi kumi na nane, siku tatu mbele, ni saa 12 na nusu. Ukifika kwenye maji mafu yanajaa kati ya saa 4 na saa 5, na kupwa kati ya saa 10 na saa 11. Hesabu hii ni ya vidole, inaweza kukutupa nusu saa au zaidi, kwa kuwa nyongeza ya kila siku hailingani: karibu na bamvua ni ndogo, karibu na maji mafu inazidi saa nzima. Ukitaka dakika kamili, mamlaka za bandari hutoa majedwali ya maji kila mwaka. Mimi nilikuwa nayo mezani ofisini, na bado nilikuwa nikichungulia dirishani kuwatazama kina mama.

Turudi kwenye jiwe lako saa 8 mchana. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Ukigawa kujaa kote mafungu 12, saa ya kwanza linaingia fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua bamvua ya mita 3.6, maana inagawika vizuri. Maji yaliyopwa saa 4 asubuhi, mpaka saa 5 yamepanda sentimita 30, saa inayofuata 60, halafu 90, halafu 90 nyingine kati ya saa 7 na saa 8. Wewe ndio kwanza unafika na ndoo yako, na robo tatu ya maji yameshaingia! Changu wameshapanda nayo juu ya mwamba na majani, wamefukua kaa na vikome, wameshiba nusu. Unachopata Jumamosi za neema ni makombo ya karamu. Wapo wanaochelewa kula, ndiyo, na saa mbili za mwisho za kujaa si mbaya, lakini karamu yenyewe ni kati ya saa 6 na saa 8. Kama ofisi inakuachia saa 7, usipitie nyumbani. Nenda na shati la kazi.

Jumamosi ya maji mafu, kwa saa zako, unasimama kwenye maji yanayotoka polepole kuelekea kupwa kwa saa 10 na nusu. Hayaleti chakula, hayamsukumi dagaa wala kaa, samaki amekaa kwenye kina chake hana haraka. Unatupa chambo kwenye chumba ambacho wenyewe wamelala. Siku hiyo ubadilishe saa badala ya kubadilisha chambo. Maji yanajaa saa 4 na nusu asubuhi, kwa hiyo yanatembea kwa nguvu, hiyo nguvu yao ndogo, kati ya saa 12 na nusu na saa 2 na nusu asubuhi. Huna kazi asubuhi ya Jumapili, na Jumapili ni maji mafu bado, yamechelewa saa moja tu. Amka. Au kaa mpaka usiku: baada ya magharibi maji yaliyoanza kuingia saa 10 na nusu ndiyo yanatembea, na changu anakula vizuri gizani.

Nisikuache ukidhani maji mafu ni maji mabaya. Wazee wenye ngalawa wanaokwenda kuvua kilindini kwa mshipi huyapenda kuliko bamvua, kwa sababu nanga inashika, mshipi unashuka wima pima ishirini na zaidi, na mtu anahisi samaki akionja. Siku za bamvua kilindini mshipi unakwenda kama bendera. Ubaya wa maji mafu ni kwa mtu kama wewe, anayesimama nchi kavu akingoja samaki waletwe.

Hesabu ile ya mafungu 12 nilijifunza kwa miguu kabla ya kuisoma. Nilikuwa afisa mgeni, nimepelekwa kuhesabu madema, ile mitego ya samaki, ya wavuvi wa kijiji kimoja. Bamvua, saa 4, tukashuka kwenye fungu la mchanga, mwenye mashua akasema anapeleka watu ng'ambo anarudi. Saa 5 fungu bado kavu, mimi naandika. Saa 6 maji kwenye vifundo vya miguu, nikaona kwa mwendo huu nina muda mwingi. Hapo ndipo nilipopotea: nilidhani mwendo utabaki ule. Saa 7 maji yalikuwa kiunoni, daftari kichwani, na mashua haionekani. Aliyenitoa ni mzee mmoja kwenye mtumbwi wa kupiga kafi, akanitazama kwa utulivu kabisa kabla ya kusogea, akasema, "Afisa, maji hayangoji uandike." Kwa hiyo na wewe, siku ukitamani kuyafuata maji yaliyopwa mpaka ukingo wa mwamba, geuka kurudi yanapoanza kugeuka, si yanapofika kwenye vifundo. Saa ya tatu na ya nne hazina huruma.

Kidogo kwa wasomaji wa maziwani, maana najua kuna wa Kigoma na Mwanza watakaouliza. Kwenu maji hayajai wala kupwa kwa kiasi cha kumsumbua mvuvi. Mwezi kwenu unaingia kwa mlango mwingine, wa mwanga. Anayevua dagaa kwa taa anategemea giza, ndiyo sababu mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapanda ufukweni: taa yako haiwezi kushindana na ile ya juu. Huku kwetu mwezi mpevu unaleta maji, kwenu unazima taa. Basi.

Sasa mshipi usioketi. Umefanya kama wafanyavyo wote, umeongeza uzito. Tatizo haliko kwenye chubwi, liko kwenye uzi. Maji yanapopita, yanasukuma uzi wote uliomo ndani, kutoka juu hadi chini, na msukumo huo unakwenda kwa unene wa uzi mara urefu wake, kisha mwendo wa maji mara mwendo wa maji. Maana yake, mkondo ukiongezeka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne, na hapo hata ukifunga tofali halitoshi. Lakini ukipunguza unene wa uzi kwa nusu, msukumo unapungua kwa nusu palepale, bila kuongeza hata gramu moja. Nadhani unatumia ule mshipi mnene wa milimita 0.8 au zaidi waliokuuzia wakisema hautakatika. Kwa changu wa kilo moja ni kama kumfunga mbuzi kwa kamba ya meli. Nailoni nzuri ya milimita 0.4 inabeba kilo 8 na ushee. Kitakachoukata si samaki. Ni mwamba, au fundo ulilolikaza kavu: nailoni ikisuguana inapata joto na kudhoofika pale pale kwenye fundo, basi lilowanishe kwa mate kabla hujalikaza. Uzi mwembamba nao hukata kidole, kwa hiyo kata kipande cha tyubu ya baiskeli, vaa kama pete pana kwenye kidole cha shahada. Utawaona wavuvi wa pale wamevaa, si urembo.

Halafu unatupa wapi? Usitupe mbele yako ukaacha mkondo ukupelekee mshipi pembeni. Tupa upande maji yanakotoka, legeza, uache ushuke huku unakuja. Ukifika usawa wako umeshakaa. Na chunguza mawe. Nyuma ya kila mwamba unaosimama kwenye mkondo maji yanazunguka, hayasukumi, unaona povu na majani yanazungukia pale hayaondoki. Samaki naye anapumzika hapo, akichomoka kudaka kinachopita na kurudi. Chambo chako kikikaa kwenye mpaka wa maji yanayokwenda na yanayozunguka, huhitaji kukitangaza. Tumia vipande vya ngisi au pweza siku za mkondo, maana chambo cha kamba wa baharini ni laini, kinanyofoka ukitupa mara mbili.

Chubwi lenyewe liwe bapa, siyo la duara. La duara linabingirika na mkondo mpaka linase. Na kunasa kutatokea, umesimama juu ya miamba. Ndoana zifunge kwenye nyuzi fupi pembeni ya mshipi, juu kidogo ya chubwi, halafu chubwi ulifunge mwishoni kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wako, hata uzi wa kushonea uliokunjwa mara mbili tatu. Likinasa, unavuta, uzi wa kushonea unakatika, unapoteza chubwi na kubaki na ndoana, mshipi, na pengine samaki. Wazee wengine hawanunui risasi kabisa, wanaokota jiwe bapa palepale na kulifunga. Ukipoteza mawe kumi kwa siku, hujapoteza kitu.

Ndoana, kwa kuwa hukuuliza lakini nahisi, zitakuwa kubwa mno. Kumbuka namba zake zinakwenda kinyume: namba 12 ni ndogo kuliko namba 7. Mdomo wa changu si mkubwa kama unavyodhani.

Na ukipata tasi usimshike kama ulivyozoea kumshika changu. Miiba yake ya mgongoni na tumboni ina sumu, si ya kuua, lakini utalala umekaa. Ikikuchoma, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto, moto ule unaoweza kuuvumilia bila kujibabua, nusu saa au zaidi. Joto linaivunja ile sumu. Kwa hiyo kama unabeba chupa ya chai, ijaze maji ya moto matupu.